Anayenunua klabu alipe mwenyewe

Mhariri,

Kila tajiri wa nje anaponunua klabu kongwe ya Uingereza, magazeti yetu hutangaza bei tu. Naomba mtueleze pia fedha zimetoka wapi.

Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790, nyingi zikiwa za mkopo. Mkopo huo ukabebeshwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Yaani mnunuzi anakopa, anayenunuliwa analipa! Mamia ya mamilioni yameshaishia kwenye riba, huku paa la uwanja wake, Old Trafford, likivuja. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, maji yalimwagika jukwaani kama maporomoko. Mwishoni mwa mwaka huo tiketi zilizokuwa bado hazijauzwa zikapandishwa hadi pauni 66, mtoto na mzee bei ileile. Hilo liliniuma kuliko kufungwa.

Sisemi wageni wote ni wabaya. Marehemu Vichai Srivaddhanaprabha wa Thailand aliinunua Leicester City mwaka 2010, akageuza mikopo aliyoipa kuwa hisa, na mwaka 2016 wakatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza. Huyo alitia mfukoni mwa klabu, hakuchota.

Sasa Uingereza ina sheria ya mwaka 2025 iliyounda msimamizi huru wa soka. Kazi yake ya kwanza iwe kuzuia ununuzi wa aina ile ya 2005, hata kama mnunuzi ni Mwingereza.

Shabiki wa United,
Tanga