Mwanangu, usilale chini kando ya mto

Huruma, Jumatano usiku

Mwanangu,

Natumai umetoka kazini salama. Sisi hatujambo. Barua hii naiweka kikapuni kando ya mkebe wa githeri, dada yako akuletee, kwa sababu kwenye simu tunapandishiana sauti na salio linaisha kabla sijasema nililotaka kusema.

Nimesikia umeshaweka pesa za kushikia chumba huko Mukuru, chumba cha chini, mstari wa mwisho kabla ya Mto Ngong. Sikusikia kwako. Nimesikia kwa dada yako, na yeye lilimponyoka tu akiwa anasonga ugali. Wewe uliniambia ni ghorofani. Baba, kwa nini unifiche mahali unapolala?

Hesabu yako naielewa. Kutoka hapa hadi Industrial Area ni matatu mbili, na siku ya mvua nauli inapanda wanavyotaka wao. Kutoka Mukuru unatembea na wenzako alfajiri na pesa zinabaki mfukoni. Chumba cha chini 2,500, cha juu 4,000. Najua. Mimi mwenyewe nilipiga hesabu hiyo hiyo Mathare, nikaona nimepata bahati.

Usiku ule wa mafuriko Mathare, Aprili 2024, sitaurudia, unaujua kuliko mimi, maana wewe ndiwe uliyekuwa na mtoto mabegani. Lile gunia la maharagwe nililokuwa nalipandisha kitandani nikikuambia ngoja kidogo, ngoja kidogo, lilikuwa la pesa za chama. Lilimea lote kabla ya wiki kwisha, nikalimwaga. Mdogo wako mpaka leo mvua ikianza usiku anaketi kitandani na viatu mkononi. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Sasa usiniambie Mukuru si Mathare. Huo mto wako ni mbaya zaidi kwa sababu haukuamshi. Maji yake yanatoka juu huko pande za Dagoretti, yanapita Kibera na Nairobi Dam, na yakifika Mukuru yamebeba plastiki na takataka za mtaa kila mtaa, yanaziba kwenye daraja, yanatafuta njia milangoni. Inaweza kunyesha huko saa nne usiku, bati lako likiwa kavu kabisa, wewe umelala fofofo kwa uchovu wa kuchomelea, na maji yakaingia chini ya mlango. Ukingoja kusikia mvua, umechelewa. Na Machi ndiyo hii inaingia.

Kabla hujahamisha godoro, nenda mchana ukaangalie. Keateka, huyo msimamizi wa nyumba, anataka kodi, usimuulize yeye. Ingia kwa jirani, omba maji ya kunywa, na ukiwa unakunywa tazama kitanda chake. Kikiwa kimeinuliwa juu ya matofali, yahesabu, kwa sababu aliyeyapanga alishaona maji yanafika wapi. Tazama na ukuta chini ya rangi mpya, utaona mstari wa tope umebaki kwenye pembe ambako brashi haikufika. Na kizingiti kikiwa kimejengwa kwa simiti hadi karibu na goti, toka hapo ukadai pesa zako siku hiyo hiyo.

Kisha tembea kutoka mlangoni hadi ukingo wa mto. Hatua zako arobaini ni kama mita 30. Ndani ya hizo mita 30 ndimo serikali ilimoamuru watu watoke mwaka ule, na tingatinga lilikuja Mei tukiwa bado tunaanika magodoro. Mwenye nyumba aliyekuwa ameshachukua kodi ya mwezi hatukumwona tena. Wako utampata wapi?

Usidhani nimekaa hapa kukulaumu tu. Najivunia wewe. Mtungi wa gesi ulioninunulia kwa mshahara wa kwanza uko pale kwenye kona, nimeufunika kitambaa. Maharagwe bado nachemsha kwa makaa, maana gesi ingeisha siku mbili, lakini chai ya asubuhi ni ya gesi, na kila anayekuja kwa chapati namwambia imetoka kwa nani. Ila hii tabia ya kutotaka kuuliza watu sijui umeitoa wapi. Labda kwangu.

Usiku ule vijana walipita wakigonga mabati kwa sufuria. Mlango wetu waliugonga mpaka nikafungua, kwa sababu walikuwa wanakula maharagwe kibandani kwangu kwa deni na walijua nina watoto ndani. Chumba cha pili kulikuwa na mpangaji mgeni. Hakuna aliyejua kama yumo. Kwa hivyo hata ukihamia juu, jitambulishe. Mama mboga, muuza maji, fundi wa viatu hapo njiani, mzee wa nyumba kumi, wote wakujue kwa jina, wajue unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Usiwe mtu wa kufunga mlango na simu.

Sukuma zile zenye majani mapana meusi, zinazolimwa ukingoni, usinunue hata ukiongezewa fungu. Zinanyweshwa maji yale yale yanayopita viwandani na vyooni. Muulize mama mboga anatoa wapi, na kama ni wa soko la Marikiti utajua, maana macho yake ni ya mtu aliyeamka saa tisa usiku. Maji ya mtungi yachemshe hata kama muuzaji ni rafiki yako. Ile mipira ya maji inapita ndani ya mtaro, na ikitoboka siku maji hayana nguvu, inavuta uchafu ndani. Na ule asubuhi. Chai na mandazi mawili si chakula cha mtu anayeinua vyuma kutwa.

Nimefikiri hivi. Chukua chumba cha juu. Hiyo 1,500 ya kuongezea nitatoa mimi hadi Juni, mvua ziishe. Zamu yangu ya chama ni mwisho wa mwezi, nilikuwa ninunue meza ya kibanda, lakini ya sasa bado inasimama. Usinipigie simu kuniambia wewe ni mwanamume. Nataka dada yako apande ngazi zako kwa miguu yake, arudi aniambie ni ngapi.

Huku maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na mwenye nyumba ameongeza mia ya taka ingawa taka zenyewe zimelala hapo chini wiki mbili. Mdogo wako siku hizi anakula shuleni, ile Dishi na Kaunti ya shilingi 5, kwa hivyo asubuhi sihangaiki na mkebe wake. Anarudi ameshiba. Sweta amepoteza tena. Koti lako la mvua nimelishona begani, limo humo kikapuni, chini kabisa. Githeri ni ya leo, ipashe moto kabla ya kulala isije ikachacha. Mkebe urudi Jumapili pamoja na kifuniko. Kifuniko ni cha mama wa mlango wa pili, na ameshakiulizia mara mbili.

Mama yako