Neema mwanangu, koo lako

Neema mwanangu,

Hatujambo wote. Dada yako ameniambia Jumamosi mnapiga nyimbo za Nightwish, ile bendi ya metali ya Ufini, huko Tampere, na mwimbaji ni wewe. Nimejivuna, halafu usingizi ukapaa. Koo, Neema.

Bendi ile ilipoanzia Kitee mwaka 1996, mpiga kinanda wao, Tuomas Holopainen, alitaka nyimbo za taratibu: gitaa kavu, kinanda na sauti. Sauti ya mwimbaji wao wa kwanza, Tarja Turunen, ikazidi gitaa kavu, ndipo likaja gitaa la umeme na ngoma. Kwa hiyo muziki ule ulikatwa kwa kipimo chake, kama gauni. Tarja alipoondolewa 2005, Anette Olzon aliyeshika nafasi 2007 alikuwa na sauti ya pop, na nyimbo zile za zamani zilimpa kazi. Floor Jansen, aliyeingia Oktoba 2012 katikati ya ziara, anaziweza kwa kuwa anahama: sauti ya opera, sauti ya kifua, hata kunguruma. Wewe usijaribu zote usiku mmoja. Shusheni ufunguo wa nyimbo toni nzima, nani atakudai? Tena mpiga besi aimbe baadhi ya mistari, kama Marko Hietala, mpiga besi wao hadi 2021, alivyofanya. Lakini wewe hupendi kusaidiwa, tangu lini?

Utamu wa muziki ule ni gitaa zito chini, fidla juu, na mwanamke mmoja katikati. Balaa ni kwamba gitaa lenye mkwaruzo hujaa kati ya hezi 2,000 na 4,000, palepale sauti ya kwanza, ya juu ya mwanamke, inapong'aa. Usipoisikia sauti yako, utapiga kelele bila kujua, na koo ndilo linalolipa. Mpiga gitaa apunguze hapo hasa. Visikizini sauti yako iwe juu, kisha kinanda, kisha mlio wa kuhesabia. Orkestra ya kurekodiwa haingoji mtu. Ukipotea, nyamaza, ingia kwenye kiitikio.

Pasha sauti dakika 20. Ikikwaruza, acha kuimba, na usinong'one, kunong'ona nako kunachosha. Ikipita wiki tatu, daktari. Hili la koo nalirudia kwa sababu baba yako alisema muziki si kazi, na mimi sikumjibu.

Mabati ya jiko yameezekwa, hela uliyotuma ilitosha, imebaki misumari na mfereji wa maji. Petro anaomba laptopu. Usimtumie chochote kabla ya matokeo. Na maji ya moto unakunywa?

Mama yako