Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujasaini

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu siku hizi tunapishana mlangoni. Mimi naingia asubuhi kutoka zamu, wewe unatoka kwenda kunyanyua vyuma. Ukirudi jioni, mimi nafunga mabuti niondoke. Barua hii nimeianza kazini wakati wa mapumziko, vidole bado vina baridi ya nyama. Nitaiacha chini ya sahani yako.

Juzi dukani mzee mmoja mwenye kofia nyeusi na njano ya Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, alinisimamisha karibu na maziwa. Alijua mimi ni mama yako. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniomba nisikuache uende kuchezea chuo cha mbali. "Huyu ni mtoto wetu," alisema. Nilirudi kwenye gari, nikakaa muda mrefu bila kuliwasha. Miaka 18 niliyoishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, hakuna mtu wa nje aliyewahi kuniambia kwamba mtoto wangu ni wao. Ulizaliwa pale kambini, na karatasi yako ya kwanza ilikuita mkimbizi. Leo watu wa Iowa wanakuita mtoto wa nyumbani. Neno hilo usilidharau. Lakini usilibebe kama deni.

Mchezo huu nimejifunza kwa ajili yako. Mwanzoni niliona watu wanagongana tu. Sasa najua kazi ya mtu wa laini: kumlinda mwenye mpira ambaye umempa mgongo, na jina lako halitajwi ila ukikosea. Nimejua pia kwa nini wanakung'ang'ania hivi. Jimbo hili lina watu kama milioni 3.2, halina timu kwenye ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, na vyuo vikubwa viwili, Iowa na Iowa State, vinagombea vijana walewale wachache. Texas wakimkosa mmoja, wanamtafuta mwingine mtaa wa pili. Hapa akiondoka kijana wa nyota tano, daraja la juu kabisa, pengo lake linakaa miaka.

Habari ya Kadyn Proctor wa hapo Des Moines unaijua kuliko mimi. Naye ni mtu wa laini. Mwaka 2022 aliwaahidi Iowa, Desemba ilipofika akasaini Chuo Kikuu cha Alabama. Nick Saban, kocha wa Alabama, alipostaafu Januari 2024, kijana akatangaza anarudi Iowa, na Machi hiyohiyo akageuza tena kwenda Alabama. Kazini nilisikia maneno waliyomsema watu wazima, wenye watoto wao, juu ya kijana ambaye hata miaka 20 hajafika. Yaliniuma kama yamesemwa juu yako. Simlaumu kwa kwenda, haki hiyo alikuwa nayo. Lakini ahadi ndiyo deni, mwanangu. Usitamke "nabaki" ili tu wageni waondoke sebuleni wakicheka.

Tristan Wirfs wa Mount Vernon, hapa jirani, naye alilelewa na mama peke yake. Yeye alibaki. Alipita mikononi mwa Kirk Ferentz, kocha mkuu wa Iowa tangu 1999, ambaye miaka ya 80 alikuwa akifundisha laini hapohapo. Mwaka 2020 Wirfs alichaguliwa wa 13 kuingia ligi ya kulipwa, na msimu wake wa kwanza tu akawa bingwa na timu ya Tampa Bay. Sikuambii kwamba kila anayebaki hufika huko. Nakuambia kwamba njia ya kutokea hapa ipo, hata wakikuambia haipo.

Pesa tuzizungumze waziwazi. Tangu Julai 2021 mnaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zenu, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji; mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo, michezo yote pamoja. Wale wa mbali wametaja kiasi ambacho mimi sitakipata kwa miaka kumi ya kukata nyama. Sisemi hatuzihitaji. Nyumba ya bibi yako kule Baraka, Kongo, bado inavuja. Lakini usiuze miaka yako minne kwa kuuonea huruma mgongo wangu. Mgongo huu ni wangu. Muulize kila kocha: goti langu likivunjika mwezi wa tisa, mkataba unasemaje? Na wewe kocha ukihamia chuo kingine, mimi mchezaji nabaki na nani? Angalia kama anakujibu wewe, au anageuka kumwangalia mwenzake.

Sasa la kwangu. Nataka ubaki. Iowa City, kilipo chuo cha Iowa, ni nusu saa kwa barabara ya 380. Jumamosi nikitoka zamu naoga, nafunga sombe na ndagala, na saa tano niko uwanja wao wa Kinnick. Tuscaloosa, kilipo chuo cha Alabama, ni zaidi ya kilomita 1,200. Huko nitakuona kwenye televisheni, na kamera haimfuati mtu wa laini. Nataka nikuone ukiinuka kila unapoangushwa. Halafu kuna ile robo ya kwanza inapokwisha, uwanja mzima, watu karibu 70,000, wanapogeuka kuwapungia watoto waliolazwa hospitali ya pembeni. Mwaka jana uliponipeleka nilipunga mpaka bega likachoka. Watu wenye desturi hiyo naweza kuwaachia mtoto.

Lakini mimi nilitengana na mama yangu nikiwa na miaka 15, usiku, kwa kukimbia. Hakuna aliyeniuliza nataka kwenda wapi. Wewe unaulizwa. Ukiamua kwenda, begi nitakufungia mwenyewe na sitanuna. Ila hao wa Iowa City uwaambie mapema, kwa mdomo wako, wasisome kwenye simu.

Kocha anakuja Alhamisi jioni. Nimeomba ruhusa usiku huo. Nitasonga ugali, naye atakula tunachokula sisi. Kabla hajabisha hodi, njoo jikoni uniambie mimi kwanza.

Mama yako