Msuguano hauli nishati, huigeuza joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe kauli ambayo nimeisoma mara nyingi, hata katika maandishi ya watu waliosoma, kwamba kitu kinachoteleza husimama kwa sababu nishati yake imekwisha. Nishati haiishi, msuguano huitoa kwenye mwendo wa kitu kizima na kuipeleka kwenye mitikisiko ya chembe ndogo mno za nyuso zinazosuguana, nasi mitikisiko hiyo tunaiita joto.

Kosa lenyewe linasameheka. Kitabu cha kilo 1 kikisukumwa mezani kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde huwa na nishati ya jouli 2 tu, na kikishatulia, hata ukiipapasa meza huhisi chochote, kwa kuwa jouli 2 hazitoshi kupandisha joto la gramu 1 ya maji kwa nusu digrii. Ilihitajika kazi kubwa zaidi ili jambo hili lionekane wazi: mwaka 1798 Count Rumford, aliyesimamia utoboaji wa mizinga ya vita huko Munich, alieleza jinsi kekee butu iliyosugua mzinga uliozamishwa majini ilivyoyafanya maji hayo yachemke baada ya takriban saa mbili na nusu, bila moto wowote.

Barabarani hesabu hizi si za mzaha. Gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban jouli 386,000, ambazo zingetosha kuchemsha lita moja ya maji. Dereva akifunga breki, karibu joto lote hilo huingia kwenye pedi na diski. Magurudumu yakigoma kuzunguka, huingia kwenye mpira na lami, ndipo tunapoona michirizi myeusi na kusikia harufu ya kuungua. Na kwa kuwa nishati hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, ilhali kani ya msuguano hubaki karibu ileile, gari linaloburuzika kwenye lami kavu kutoka kilomita 50 kwa saa husimama baada ya mita 14 hivi, lakini kutoka kilomita 100 huhitaji mita 56, bila kuhesabu umbali unaopita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki.

Uzito haumo katika hesabu hiyo, jambo ambalo wanafunzi wangu hubishana nalo kila mwaka: gari zito lina nishati zaidi, lakini pia huikandamiza barabara zaidi, hivyo msuguano wake huongezeka kwa uwiano uleule. Shida ya lori lenye shehena iko kwenye mteremko mrefu, ambako breki zikipata joto upesi kuliko zinavyopoa huanza kukosa nguvu ya kushika, na dereva asiposhusha gia mapema ili injini isaidie kulizuia, atakanyaga pasipo lori kupunguza mwendo.

Wako,
Mwalimu wa fizikia