Asparaga nyeupe, kuanzia kitako

Berlin, 9 Mei

Mpendwa Rukia,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili. Asparaga ya Jumapili ilikuwa chungu, ikaacha nyuzi menoni, na sosi ikakatika, siagi ikaelea huku na mayai yakabaki kule. Usiiache, mwenzangu. Wajerumani huisubiri Spargel, ndivyo wanavyoiita asparaga, mwaka mzima, na wana haki. Kwa jinsi ulivyoeleza, jiko lako halina kosa kwenye uchungu wala kwenye nyuzi. Hayo mawili yaliharibika kabla hujawasha moto, sokoni na kwenye kumenya. Sosi ndiyo peke yake iliyoharibikia mekoni, na hiyo ina dawa.

Asparaga nyeupe na ya kijani ni mmea mmoja. Nyeupe hufunikwa kwa tuta la udongo ili chipukizi lisione jua, na mkataji akiona udongo umeanza kupasuka huchimbua kwa vidole, akashusha kisu kirefu, akakata kijiti kimoja, akaziba shimo, akaenda kwenye kingine. Hapo ndipo bei inapotoka. Kichwa kikichomoza kikaona mwanga hugeuka zambarau, kisha kijani. Zambarau kidogo si ubovu. Kinachoiua asparaga ni siku zinazopita, maana ikishakatwa sukari yake hupungua na ganda huanza kugeuka ukuni.

Kwa hiyo sokoni shika vijiti viwili uvisugue. Vikiwa vibichi hulia, mlio kama wa soli ya raba kwenye sakafu yenye maji. Vilivyolala siku kadhaa viko kimya. Kisha tazama kitako, ncha ya chini iliyokatwa. Kiwe na unyevu, na ukikibinya kitoe maji yasiyonuka uchachu. Kitako kinaweza kukatwa upya kikaonekana cha leo, ndiyo maana anza na mlio. Vichwa viwe vimefumba. Kijiti chenye ufa au kilichonywea kiache hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Wewe uko Mannheim, na Schwetzingen iko hapo karibu, mji ambao asparaga ililimwa kwenye bustani ya kasri tangu karne ya 17. Mbele ya kasri hiyo kuna hata sanamu ya mama muuza asparaga. Nenda huko asubuhi, ununue iliyokatwa siku hiyohiyo. Sisi huku Berlin tunategemea mji wa Beelitz, wanaolima tangu 1861. Ile ya Ugiriki inayotangulia madukani mwezi Machi imeshasafiri sana.

Kama ndiyo mlo wenyewe, hesabu nusu kilo kwa kila mtu, maana karibu robo itaondoka na maganda. Chagua unene wa kidole gumba. Vyembamba ni rahisi, lakini ukishamenya hakibaki kitu. Ukishindwa kupika siku hiyo, vifunge kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, uweke kwenye droo ya mboga ya friji, siku mbili zisizidi. Usivilaze ndani ya maji, ladha itahamia majini.

Sasa kumenya, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Nyuzi zako zilitoka hapa. Aliyezoea asparaga ya kijani humenya sehemu ya chini tu, tena kwa kugusagusa. Nyeupe inamenywa yote isipokuwa kichwa, kwa sababu ganda lake halilainiki hata ulichemshe saa nzima. Osha kwanza, mchanga usije ukaingia kwenye mchuzi. Kilaze kijiti juu ya kiganja na mkono, au juu ya sufuria iliyofudikizwa, kwani kikining'inia hukatika. Anzia sentimita 2 au 3 chini ya kichwa, uteremke hadi kitakoni kwa kifaa chenye makali ya kweli. Juu menya kwa wepesi, chini kandamiza zaidi, huko ganda ni nene. Ukimaliza mzunguko, zunguka tena. Kisha kigeuzegeuze kwenye mwanga: palipomenyeka pamefifia na kulowa, palipobaki ganda pang'aa. Pakiwa na mstari mmoja tu unaong'aa, ndio utakaoukuta kwenye meno.

Baada ya hapo kata kitako sentimita 1 au 2, mpaka kisu kipite bila kukwaruza. Uchungu mwingi uko hapo chini. Kata kwa ukarimu.

Maganda usiyatupe. Yatie kwenye lita 2 za maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita, chemsha dakika 15, chuja. Usiyazidishie muda, yataanza kutoa uchungu, na vitako vilivyokauka usivitie kabisa. Rudisha mchuzi motoni, ongeza kijiko cha chai cha sukari na siagi gramu 20. Sukari si ya utamu, inafunika uchungu mdogo ulio kwenye asili ya asparaga. Wengi hukamua na limau humo ili ibaki nyeupe. Mimi naona limau inaifunika ladha, na mahali pake ni kwenye sosi.

Laza vijiti kwenye sufuria pana, mchuzi uvifunike, na yakishachemka tena punguza moto maji yawe yanatetema tu. Yakiruka, vichwa vitamong'onyoka kabla vitako havijaiva. Vyembamba ni dakika 10, vya kidole gumba 15, vinene zaidi 18 hadi 20. Usipike vinene na vyembamba sufuria moja kwa wakati mmoja, anza na vinene. Kupima, inua kimoja katikati kwa uma: kikipinda kidogo pande zote mbili kimeiva, kikibaki kimenyooka bado, kikilegea kama kamba umechelewa. Vitoe uvilaze juu ya kitambaa safi kwa dakika moja. Maji yakibaki sahanini, sosi yote itateleza.

Sosi ya hollandaise ya watu wawili ni viini 2 vya mayai, siagi gramu 125, vijiko viwili vikubwa vya mchuzi wa maganda mahali pa divai wanayotia wenyeji, na maji ya limau kijiko cha chai. Yeyusha siagi polepole, engua povu, uache maji meupe yatuame chini, kama unaanza kupika samli ila hufiki kwenye kuichoma. Iache ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kidole bila kuungua. Piga viini na mchuzi kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, bakuli lisiguse maji. Povu likiwa zito, kiasi cha kipigio kuacha njia inayochelewa kufunga, teremsha bakuli. Anza kutia siagi, matone kwanza, kisha uzi mwembamba, ukipiga bila kusimama. Chumvi na limau mwisho.

Yako ilikatika kwa sababu moja kati ya mbili: siagi ilikuwa ya moto mno, au uliimimina kwa pupa. Ikitokea tena, weka kijiko cha maji baridi pembeni mwa bakuli, upige pale pembeni tu mpaka pashikane, halafu vuta nyingine kidogokidogo. Ikigoma, chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, uitie ile iliyokatika tone kwa tone kana kwamba ndiyo siagi. Lakini ukiona chembe za yai lililoiva, hiyo haina tiba. Moto ulizidi nyuzi joto 70 za Selsiasi au hapo karibu.

Wenyeji huila na viazi vipya, chagua mfuko ulioandikwa festkochend, viazi visivyovurugika, na paja la nguruwe. Nyumbani kwako hilo la pili halina nafasi, wala halihitajiki. Salmoni aliyefukizwa moshi, mayai ya kuvuruga, au kipande chembamba cha nyama ya ndama kilichokaangwa na chenga za mkate vyote viko kwenye menyu za Kijerumani. Huko kwenu, eneo la Baden, wana pia Kratzete, chapati nene ya maji na mayai inayochanwachanwa kwenye kikaango. Inanyonya sosi kuliko viazi, na naipenda zaidi.

Mchuzi uliobaki ni supu ya kesho: siagi gramu 40 na unga gramu 40 kaanga bila kugeuza rangi, mimina mchuzi lita 1 huku ukikoroga, pika dakika 10, malizia na krimu mililita 100 na kungumanga ya kukwaruza. Vipande vya kutia humo nunua Bruchspargel, vijiti vilivyovunjika, bei ni ndogo na ladha ni ileile.

Ukataji huisha tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Baada ya hapo mmea huachwa uchanue majani ujaze mizizi kwa ajili ya mwaka ujao. Kwa hiyo juma la katikati ya Juni nunua kilo mbili za ziada, menya, kausha kwa kitambaa, gandisha mbichi. Siku ya kupika zitie kwenye mchuzi unaochemka zikiwa bado barafu. Ukiziyeyusha kwanza zitalegea zote.

Niandikie Jumapili hii imekuwaje, hasa sosi.

Wako,
Mwanaidi