Kidonge cha kutoa hofu

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba Alhamisi unapasuliwa henia na jioni unarudi nyumbani, hilo halinitishi. Kilichonikosesha raha ni pale uliposema utaomba kidonge cha kukutoa hofu, kisha upande bodaboda peke yako.

Kidonge hicho kipo. Diazepamu, ile watu wanayoiita Valium, au midazolamu. Unakimeza kwa funda la maji kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Si nusu kaputi. Mabega yanalegea, ulimi unakuwa mzito. Na kinafuta kumbukumbu za saa zinazofuata. Hapo ndipo nataka unisikilize.

Niliwahi kumpa mama mmoja maelekezo yote alipoamka: dawa, kidonda, siku ya kurudi. Alinishika mkono, macho makavu kabisa, akaitikia, "Ndiyo sista, nimeelewa." Siku ya nne alirudi kidonda kinatoa usaha, dawa zimo bado kwenye bahasha, hazijaguswa. Hakukumbuka hata kama tuliwahi kuzungumza. Kosa lilikuwa langu. Sikumwandikia, wala sikumwita binti yake aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi. Bado linaniuma.

Midazolamu hupungua mwilini ndani ya saa chache, lakini diazepamu huweza kumaliza siku moja hadi mbili kabla nusu yake haijatoka. Kwa hiyo saa 24 nzima usiendeshe gari, usishike jiko la mkaa, usisaini karatasi yoyote. Na ukoromaji wako ninaoujua tangu bwenini, mwambie daktari wa usingizi, yule atakayekupa nusu kaputi, usione haya. Dawa hizi zikikutana na za maumivu kama tramadoli au mofini, pumzi huweza kupungua mno.

Tena huenda usikihitaji. Mwaka 2015 Wafaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,062: waliopewa lorazepamu, dawa ya jamii hiyo hiyo, kabla ya upasuaji hawakuridhika na huduma zaidi ya wenzao wasiopewa, na walichelewa kuzinduka. Kwanza mwombe daktari akae nawe akueleze hatua kwa hatua. Hofu ikibaki, omba kidonge bila haya.

Nimeshabadilishana zamu. Nitafika Jumatano usiku kwa basi, na maelekezo nitayapokea mimi. Ufunguo niachie kwa jirani.

Wako akupendaye,
Mwanaidi