Mwandishi wenu amemruka Liz Eden

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu filamu za wizi wa benki, na nilipofika kwenye Dog Day Afternoon, filamu iliyotokana na wizi wa kweli, nikakwama. Al Pacino, aliyeigiza jambazi, kamwagiwa sifa aya tatu nzima. Yule ambaye wizi ulisemekana kufanywa kwa ajili yake kaitwa "shoga wa jambazi", basi. Huku Tanga wanawake huitana shoga kutwa nzima, lakini sidhani kama mwandishi wenu alikuwa na maana hiyo.

Aliitwa Elizabeth Eden, au Liz. Alizaliwa New York mwaka 1946, akaandikwa mtoto wa kiume, naye akaishi kama mwanamke. Desemba 1971 alifunga ndoa na John Wojtowicz huko Greenwich Village, sherehe ambayo sheria haikuitambua. Tarehe 22 Agosti 1972 Wojtowicz na wenzake wakavamia tawi la benki Brooklyn; alidai anatafuta pesa za upasuaji wa Liz wa kubadili jinsia. Mwenyewe Liz alikuwa amelazwa hospitalini, amejaribu kujiua. Wafanyakazi wa benki wakashikiliwa mateka saa zipatazo 14, na Salvatore Naturile, kijana wa miaka 18, akauawa kwa risasi ya FBI uwanja wa ndege. (Kwenye filamu kaigizwa na mtu anayekaribia miaka 40!)

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote mwandishi hakukigusa. Wizi wenyewe haukuzaa kitu. Wojtowicz aliuza haki za kisa chake kwa watengeneza filamu, na sehemu ya malipo hayo ndiyo iliyogharamia upasuaji, mwaka 1973. Yaani sinema ililipa kile ambacho bunduki ilishindwa kukipata. Filamu ikatoka 1975. Watazamaji walipokuwa wakimwonea huruma "Leon", mhusika aliyetokana na Liz, aliyevaa joho la wagonjwa, Liz alishatoka kwenye hali hiyo zamani. Chris Sarandon alimwigiza Leon kwa heshima, na kuteuliwa kwake kuwania tuzo ya Oscar sina neno nako. Ila Leon anaonekana dakika chache, kisha filamu inarudi kwa mwenye bunduki, na mwandishi wenu akafuata nyayo hizohizo.

Tena alikuwa na wepesi ambao mwandishi wa Kiingereza hana. "Yeye", "alikwenda", "alisema": lugha yetu haimuulizi mtu jinsia. Angeweza kusimulia kisa chote bila kujikwaa. Kaenda mwenyewe kulitafuta jiwe la kujikwaa.

Makala inasema kwamba baada ya wizi "alipotea". Hakupotea. Alihamia Rochester, jimbo hilohilo la New York, akafariki huko Septemba 1987 kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 41. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika kituo cha jamii ya LGBT (wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia na wenzao) jijini New York, na mwenye kutaka kuzisoma anaweza.

Msomaji wenu,
Tanga